Nilivyokwenda Kampala Kuchukua Kifo cha Baba

Wateja wangu mnajijua. Mtu anakaa kwenye kiti, sijachana hata upande mmoja wa kichwa, ameshaanza: Gracia, Kampala kulikuwaje? Nikimmaliza huyo anaingia mwingine, naye anataka tuanzie Bafwasende. Sauti imeniisha. Na kuna kichwa kimoja, mwenyewe sitamtaja, kimetoka humu saluni na mistari iliyopinda kwa sababu nilikuwa nimefika kwenye mambo ya ziwa. Kwa hiyo naandika mara moja tu. Someni, halafu mkija tuzungumze habari za watu wengine.

Kwa wale wasiojua kilichonitoa: mama yangu, ambaye commune nzima ya Tshopo, mtaa wetu, inamwita Mama Gracia, anataka kuolewa na Papa Didier, yule seremala aliyefiwa na mkewe. Baba yangu mzazi, Alphonse Litalema, aliondoka Kisangani nikiwa bado shule ya msingi. Alisema anaenda Uganda kununua cherehani na atarudi baada ya Noeli. Noeli zimepita nyingi. Mwaka juzi simu ya mama ikalia, namba ya Uganda, mwanamke akasema Papa Gracia amefariki na wameshamzika. Mama akasema asante, akakata simu, akaendelea kutwanga pondu, majani yake ya muhogo. Hakulia na hakuweka matanga. Alisema huyo mtu alishamfia siku nyingi, wao ndio wamechelewa kupiga simu.

Padri hakuwa na neno juu ya ndoa, ila alitaka karatasi. Mbele ya kanisa mama ni mke wa mtu mpaka serikali ya kule alikofia huyo mtu iandike kwamba amekufa. Simu si cheti. Na mama alishaapa kwamba hatahamia kwa mwanaume bila ndoa kama msichana aliyetoroka kwao, yeye anayekaa benchi la mbele na akina mama wa parokia. Papa Didier alikuwa ameshapaka nyumba rangi. Basi nikatumwa mimi, kwa sababu ni mzaliwa wa kwanza, na kwa sababu, mama alivyosema, mdomo wangu unaweza kuvuka mpaka wowote.

Niseme ukweli, sikuwa na huzuni. Nilikuwa na hamu ya kuiona Kampala, basi. Habari za hati za kusafiria na chanjo nawaachia, hazina utamu.

Kisangani hadi Nia-Nia, nyuma ya Kambale

Mimi nilitaka ndege. Mama alisema ndege ni ya wabunge. Nikapanda pikipiki ya Kambale, mtu wa Butembo anayeipita barabara hii kama mimi ninavyokwenda sokoni. Alifunga begi langu kwa mipira, akaniuliza kama najua kukaa. Nikamjibu kwamba nimezaliwa Kisangani, nimepanda toleka za baiskeli na pikipiki tangu utoto. Akawasha pikipiki. Kukaa kutoka Tshopo hadi soko kuu, marché central, ni jambo moja. Kukaa mpaka makalio yasahau kwamba ni yako ni jambo jingine, na nadhani ndiyo maana hakubishana nami.

Kabla ya Bafwasende tulikuta lori limezama katikati ya barabara mpaka milango haifunguki, na nyuma yake malori mengine yamepanga foleni. Madereva walikuwa wameshaanika nguo. Mmoja alikuwa ananyoa ndevu kwenye kioo cha lori, mama mmoja anauza kwanga za muhogo na makayabu, samaki wa chumvi, na chini ya turubai kulikuwa na mtu wa kuchaji simu, ana wateja kama dukani. Kambale alisema tutapita pembeni, msituni. Nikavua viatu nikaingia kwenye matope mpaka magoti, yeye akasukuma pikipiki, tukapoteana. Nikaita kwa nguvu, Kambale! Wanaume wakageuka kila upande. Kwa Wanande mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, atake asitake, na siku ile nadhani watoto wa pili wote wa Butembo walikuwa kwenye matope yale. Wangu hakuwa miongoni mwao. Alikuwa ameshavuka, amekaa, anakula lituma, ndizi zetu za kutwanga, na nyama ya porini.

Muuzaji wa chakula aliniangalia kuanzia miguuni hadi kichwani, akaniwekea sahani bila kuniuliza ninataka nini. Nilikula nikiwa nimesimama, maana kukaa kulikuwa kumeshanishinda.

Mambasa hadi Bunia, na matanga ya barabarani

Ukipita Epulu kila mtu anakuuliza kama umeona okapi. Sikuona okapi. Niliona mgongo wa Kambale.

Kutoka Mambasa hakuna mtu anayejiendea tu. Watu wanangoja wanajeshi wakusanye magari na pikipiki, ndipo wote wanatoka pamoja, kwa sababu ya wale wanaotokea msituni na mapanga. Kwa hilo sitanii. Tulingoja sana, jua likitupiga, hakuna anayejua tutaondoka lini, na kila aliyeulizwa alijibu sasa hivi.

Mwanajeshi wa kizuizi cha barabarani aliniuliza Uganda naenda kufanya nini. Nikamwambia baba amefia kule, naenda kutafuta acte de décès, cheti cha kifo. Nadhani alisikia nusu ya kwanza tu. Alivua kofia. Nyuma yangu alikuwepo mama mwenye mifuko ya maharage. Akaweka mikono kichwani, akaanza kulia. Wengine wakaja. Wakanikalisha kwenye mkeka, wakaanza wimbo wa kanisa, mmoja akanisugua mgongo akisema pole mwana, pole. Nilijaribu kueleza kwamba kifo chenyewe ni cha mwaka juzi, lakini jaribuni ninyi kueleza jambo kama hilo huku watu wanaimba sauti ya pili. Nikainamisha kichwa. Wakaniletea kuku na wali, na Kambale, kama dereva wa mfiwa, akapewa paja. Aliniomba kwa sauti ya chini nifiwe tena wakati wa kurudi.

Lakini yule mama wa maharage alikuwa analia kweli. Tulipobaki wawili aliniambia kaka zake waliuawa kwenye barabara ile ile tuliyokuwa tunangoja kuipita, na kwamba hakupata mwili hata mmoja wa kuzika. Niliona aibu ya kuku niliyemla. Nilimshika mkono mpaka injini zilipowashwa.

Ziwa, na Uganda ya kwanza

Bunia kuna baridi, watu wanavaa makoti na hawaoni haya. Hapo niliachana na Kambale nikashuka hadi Tchomia, kwenye Ziwa Albert, kupanda mtumbwi mkubwa wa injini pamoja na magunia ya samaki wakavu na mbuzi wasiokuwa na tiketi. Wote tulivaa majaketi ya kuelea yenye rangi ya chungwa, isipokuwa mbuzi. Nimezoea mto, mto unajua unakokwenda. Ziwa linakurusha juu, linakushusha, halafu linafikiria. Nilitapika. Muuza samaki mmoja alinipa limau ninuse, kisha akanisimulia kwa utaratibu mitumbwi yote anayoijua iliyozama pale.

Upande wa pili niliwasalimu maafisa kwa Kiswahili changu kizuri cha Boyoma, yaani cha kwetu Kisangani. Mmoja alinitazama akauliza kwa nini naongea kama polisi. Kumbe kule Kiswahili wanakijua kwa askari, na mwanamke akikitoa kwa sauti kubwa watu wanaanza kutafuta vitambulisho mifukoni. Kila nilipoomba maji nililetewa haraka sana, na sikupendwa.

Fort Portal nilipewa matoke. Kuona ni ndizi zilizopondwa nikafurahi, nikasema kumbe na hawa wana lituma. Si lituma. Lituma inatwangwa mpaka inanyamaza, unaiviringa kwa mkono, inashika. Ile ilikuwa imejilalia tu sahanini na mchuzi wa karanga juu yake. Nilikula yote, msinielewe vibaya.

Kampala, na marehemu asiyekuwepo

Aliyenipokea alikuwa Mama Riziki, yule yule aliyempigia mama simu. Ni mtu wa Bunia, anauza vitenge, na ndiye anayeongoza kwaya ya Wakongo kwenye parokia yao. Aliponiona kituoni alinishika uso kwa mikono miwili, akaangalia paji la uso, akasema, “Njo yeye kabisa.” Sikupenda. Nilikuwa nimekuja kuchukua karatasi, si kufananishwa.

Asubuhi tulikwenda kwenye ofisi ya kuandikisha vifo. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, amevaa wigi zuri lililokaa upande kidogo juu ya sikio, mkono ukaniwasha kumrekebishia. Mama Riziki alitafsiri. Nikataja jina: Litalema Alphonse. Afisa akaandika kwenye kompyuta, akangoja, akatikisa kichwa. Akageuza, Alphonse kwanza, Litalema nyuma. Hakuna. Akajaribu hospitali alikofia. Hakuna. Kwa serikali ya Uganda, baba yangu hakuwahi kufa.

Nilipandwa na hasira. Niliona barabara yote ile, matope, ziwa, na mama amekaa Tshopo anangoja, na rangi ya Papa Didier inakauka ukutani. Nikamgeukia Mama Riziki nikamuuliza hospitali walimwandikisha kwa jina gani.

Alishangaa swali lenyewe. “Jina gani tena? Papa Gracia.”

Nikamuuliza kwa nini hakutoa jina lake la kweli.

“Hatukujua. Weye, mutu muzima mwenye kuzaa, utamuuliza jina ya mama yake alimupa? Iko aibu. Yeye mwenyewe hakukuwa tena na nguvu ya kusema. Bon, nurse akauliza ni nani, nikasema Papa Gracia.”

Na mimi ningemlaumu vipi? Nimeishi na jirani zangu wa Tshopo maisha yangu yote na sijui jina la Mama Merveille wa ng'ambo ya barabara, wala la mumewe. Nikimuuliza leo atafikiri nimeingia kwenye ujasusi. Afisa alipotafsiriwa alicheka, akasema hata yeye mtaani ni Mama Patrick, kwao wanafanya vile vile, ila yeye hospitali anataja jina lake. Akaandika tena kwenye kompyuta. Akakipata kifo mara moja: Gracia Papa, mwanamume, raia wa Kongo.

Basi hapo tukakwama. Karatasi ilikuwepo, lakini ningempelekea padri cheti kinachosema Gracia amekufa angeniombea mimi misa. Afisa alitaka mtu wa kuthibitisha kwamba Gracia Papa na Litalema Alphonse ni mtu mmoja. Mama Riziki angeweza kuapa kwamba alimzika Papa Gracia. Mimi ningeweza kuapa kwamba baba yangu ni Alphonse. Lakini wao walimjua mtu na mimi nilijua jina, na katikati hapakuwa na kitu. Akatuambia turudi kesho na lolote tutakalopata.

Mtaa wa mafundi

Mama Riziki alinipeleka baba alikokuwa anafanyia kazi, labda wenzake walibaki na kitambulisho chake. Ni kichochoro cha mafundi nguo, cherehani zimepangwa barazani mpaka mwisho, Wakongo karibu wote. Nilikuwa natazama chini nisikanyage maji machafu. Nilipoinua macho niliona ubao juu ya mlango, umepakwa rangi ya buluu, herufi nyekundu: GRACIA COUTURE.

Nilisimama pale pale. Wenzake wakanyanyuka, nikatambulishwa, na habari ikatembea cherehani kwa cherehani mpaka mwisho wa kichochoro: Gracia amekuja. Walinijua. Walijua nilianguka kwenye ngazi za shule nikapasuka nyusi. Walijua siogopi mtu. Mmoja aliniuliza kama bado sipendi mbinzo, wale viwavi wa kula. Kitambulisho hakikuwepo, alishakipoteza miaka mingi. Nikawauliza kwa nini hakurudi. Wakasema alikuwa anarudi kila mwaka baada ya Noeli, na kila Noeli alikuwa bado anashonea ya kukodi, hana cherehani yake ya kurudi nayo, na mtu aliyeaga anaenda kununua cherehani atarudije mikono mitupu.

Nililia, nakubali. Nililia kwa hasira hasa. Aliweza kulipandisha jina langu juu ya mlango mtaa mzima ulisome, lakini kujipandisha mwenyewe kwenye basi akashindwa. Mikono mitupu tungeipokea. Nilitaka kumgombeza na hakuwepo wa kugombezwa, kulikuwa na mafundi tu wanaonipa kiti na soda.

Ni Mama Riziki aliyerudisha akili kazini. Akakumbuka namna alivyoipata namba ya mama: ilikuwa kwenye simu ya marehemu, imeandikwa Mama Gracia. Baba hakuwa na namba nyingine ya Kisangani. Hakuwahi kuipiga hata siku moja, na hakuifuta.

Ofisini tena

Kesho yake tulirudi, Mama Riziki, mimi, na fundi mmoja wa pale barazani kama shahidi wa pili. Nilitoa kadi yangu ya kupiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, na ambayo ina majina ya wazazi: mimi Gracia, baba yangu Litalema Alphonse. Afisa akaisoma pande zote mbili. Akasema hii inaonyesha Gracia ana baba, ila Gracia duniani ni wengi. Ndipo Mama Riziki akamweleza habari ya namba. Afisa akafikiri, akaturuhusu tuipige pale pale mezani kwake, sauti iwe wazi, ila mimi nisiseme kitu.

Mama akapokea. Kulikuwa na kelele za mchi. Mama Riziki akajitambulisha kama mtu wa ofisi ya Kampala, akamwomba kwa adabu ataje jina la mume wake.

Mchi ukasimama.

“Bwana yangu?” mama akasema. “Litalema Alphonse. Amefanya nini tena?”

Mama Riziki akatafsiri huku amejiziba mdomo. Afisa alianza kucheka, akaacha aliponiona mimi. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia mama akilitaja jina lile, na sikuwahi kumsikia akisema bwana yangu. Alisema kama mtu anayeulizwa habari za aliyetoka asubuhi.

Mashahidi wakaapa. Cheti kikaandikwa: Litalema Alphonse, aliyejulikana pia kama Papa Gracia. Habari za tafsiri na mihuri ya ubalozi naziruka. Kabla ya kuondoka nilimwomba afisa ruhusa, nikamrekebishia wigi.

Nyumbani

Safari ya kurudi haina cha kusimulia. Malori yalikuwa mengine, matope yale yale.

Nilimkuta mama amevaa kitenge kipya, na Papa Didier amekaa kando na shati la kwenda kwa padri. Mpango ulikuwa tutoke hapo hapo twende parokia. Nikampa mama karatasi. Akaisoma polepole, kidole kikifuata maneno, mpaka kwenye majina. Akayasoma yote mawili, kisha akayarudia. Halafu akaketi chini sakafuni na kitenge chake kipya, akalia, kwa sauti, kama vile ile simu ya mwaka juzi imelia sasa hivi.

Sikujua nitazame wapi. Nilimwonea huruma Papa Didier. Mtu amepaka nyumba yote, halafu bibi harusi analia mume mwingine mbele yake. Niliogopa ataondoka, na kama angeondoka nisingemlaumu. Yeye akavuta kiti karibu, akaona kiti kirefu, akaketi chini naye.

“Mama Gracia,” akamwambia, “huyu mutu hatukumulilia. Tumulilie kwanza. Padri atangoja, na miye nitangoja.”

Tangazo la kwanza la ndoa mlilisikia wenyewe Jumapili iliyopita, kwa hiyo mnajua padri alingoja. Lakini wengi wenu hamkufika matangani, mlikuwa bado hamjaamini kwamba kweli amekufa. Turubai lilifungwa mbele ya nyumba, misa ikasomwa, ndugu za baba wakapanda mto kutoka Yangambi, watu ambao mama hakuwa amewaona tangu aachwe. Papa Didier ndiye aliyebeba viti vya kukodi, amevipandanisha kichwani, anaviteremsha, anavipanga, anarudi kuchukua vingine. Shangazi mmoja, dada wa marehemu, alimtazama akipita na kupita, mwishowe akamsimamisha akamuuliza yeye ni nani kwa marehemu.

Aliweka viti chini, akafuta jasho. “Miye iko wa hapa nyumbani,” akasema, kisha akamuuliza kama ameshakula.